Mfuko wa Dobi na Safari ya Kurudi

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata. Yanachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, ule tuliozoea kuuita rambo, umepigwa marufuku Tanzania Bara. Sokoni tumezoea kwenda na kikapu, na muuza nyanya hatushangai akituuliza tumekuja na nini cha kubebea. Ipo hata hivyo plastiki moja ambayo haikuzungumzwa sana katika mikutano yetu. Ni lile ganda jembamba linalong'aa, ambalo dobi au mwenye drai klina hulivisha suti, kanzu au gauni la harusi baada ya kulipiga pasi na kulitundika kwenye henga. Mteja hulichana akifika nyumbani, na kazi yake huwa imekwisha. Limetumika kwa mwendo wa bodaboda mmoja.

Swali linaloulizwa na madobi, na linalostahili jibu la wazi, ni hili: ganda hilo nalo limo katika katazo? Na kama limo, dobi ajifunike na nini dhidi ya vumbi la kiangazi cha Katavi, ambacho huanza mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba, na dhidi ya mvua zinazofuata baada yake?

Nianze na sheria. Kanuni za mwaka 2019 za katazo la mifuko ya plastiki, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 394 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinautambua mfuko wa plastiki kwa utando wa plastiki ulioutengeneza, uwe na vishikio au usiwe navyo. Kwa hiyo anayesema, "Langu halina mkono wa kushikia, basi si mfuko," hana pa kusimama. Kanuni hizo zimetoa nafuu kwa vifungashio vya huduma za afya, bidhaa za viwandani, shughuli za ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula, na usafi pamoja na udhibiti wa taka. Huduma ya udobi haimo katika orodha hiyo.

Adhabu nazo zimepangwa kwa ngazi. Anayekutwa akimiliki au kutumia mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kufungwa kwa muda usiozidi siku saba, au vyote viwili. Anayeuza, faini yake huanzia shilingi 100,000 na kufika 500,000, na kifungo chaweza kufika miezi mitatu. Kwa mtu anayeishi kwa kufua mashati na kupiga pasi, faini moja ya namna hiyo ni mtaji wa duka zima. Ndiyo maana nasema jambo hili si dogo, ijapokuwa kitu chenyewe ni chepesi hata pumzi hukipeperusha.

Lakini sheria pekee haimshawishi mtu. Mtu hushawishika akijua sababu. Naomba basi tuzitazame hoja za pande zote mbili, kwa kuwa kila upande una hoja za kweli.

Upande wa plastiki una mambo manne ya kujitetea. Kwanza, ni rahisi kwa bei. Pili, huzuia vumbi na matone ya mvua. Tatu, huonyesha kilichomo ndani, na dobi mwenye nguo arobaini ukutani huitambua ya mteja wake bila kufunua. Nne, humpa mteja imani kwamba nguo yake haijaguswa tangu ilipotoka kwenye pasi. Hoja hizi tusizidharau. Dobi hakuchagua plastiki kwa ubaya wa moyo. Aliichagua kwa sababu ilimtatulia matatizo manne kwa mara moja.

Upande wa pili una mambo yake. Ganda hilo hutengenezwa kwa polithini, zao la mafuta na gesi. Haliozi kama jani la mgomba. Hukatikakatika likawa vipande vidogo na vidogo zaidi, vikabaki kwenye udongo na maji. Likichomwa uani pamoja na takataka nyingine, moshi wake huingia kwenye mapafu ya watoto wanaocheza karibu. Likitupwa mtaroni, huziba njia ya maji, na mvua za kwanza zikija, maji hayo hutafuta njia nyingine kupitia milango yetu. Likipeperuka hadi malishoni, ng'ombe au mbuzi hulimeza pamoja na majani. Tumbo lake haliwezi kulisaga. Hujikusanya humo pamoja na mengine hadi mnyama akonde au afe. Katika mkoa wenye wafugaji wengi kama wetu, hasara hiyo ina jina na ina bei.

Tena tunaishi jirani na urithi usio wa kawaida. Mto Katuma hupita Sitalike na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi kinapokaza, viboko hujazana katika madimbwi yaliyobaki. Kinachotupwa kandokando ya mto huo hakina mahali pengine pa kwenda.

Kuna jambo jingine linalohusu ganda la nguo kuliko mfuko mwingine wowote, nalo ni usalama wa watoto wachanga. Mwaka 1959 huko Marekani, maganda ya drai klina yalipokuwa bado mapya madukani, makumi ya watoto wadogo walikufa kwa kukosa hewa. Baadhi ya wazazi waliyaona kuwa ni kitu kizuri cha bure, wakayatumia kufunika mito na magodoro ya watoto ili yasilowe. Utando ule mwembamba hunata puani na mdomoni, na mtoto mchanga hana nguvu ya kuuondoa. Tahadhari zinazochapwa leo kwenye mifuko ya plastiki zina mizizi katika misiba ile. Mzazi anayelitunza ganda la nguo chini ya godoro kwa matumizi ya baadaye na alifikirie hilo usiku wa leo.

Hata nguo yenyewe haifaidiki na plastiki kwa muda mrefu. Nguo iliyofungiwa humo haipumui. Unyevu uliobaki baada ya pasi hufungiwa ndani, na ukungu huanza. Na kwa zile drai klina zinazotumia dawa ya maji badala ya maji na sabuni, kuna la ziada. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi duniani ni pakloroethilini, ambayo taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake ukibaki kwenye nguo, ganda huuzuia usitoke, na mteja huupeleka hadi kabatini mwake. Wengi wa madobi wetu hufua kwa maji, hivyo hili haliwahusu moja kwa moja. Lakini yeyote anayeleta nguo yake kutoka drai klina ya mji mkubwa, ashauriwe: vua ganda, tundika nguo penye upepo, kisha ndipo uiingize kabatini.

Hadi hapa, ndugu wananchi, yaonekana kesi imekwisha na kitambaa kimeshinda. Nawasihi tusiharakishe hukumu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea njia.

Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya madukani, tangu malighafi yake hadi inapotupwa, kwa kupima gesi zinazopasha joto dunia. Ilionekana kwamba mfuko wa pamba ungepaswa kutumika mara 131 ndipo ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja tu. Mfuko wa polipropilini ulio kama kitambaa, wa aina ile tunayoiita mifuko mbadala, ungepaswa kutumika mara 11. Mfuko wa karatasi, mara 3. Sababu yake inaeleweka kwa mkulima yeyote: pamba hulimwa, hupaliliwa, hupigwa dawa, huchambuliwa, husokotwa, hufumwa na kusafirishwa. Kila hatua inakula maji, mafuta na jasho.

Utafiti ule ulihusu mifuko ya kubebea bidhaa, wala si vifuniko vya nguo, na wenyewe ulieleza kwamba haukuhesabu madhara ya takataka zinazotupwa ovyo. Kwa maneno mengine, ng'ombe aliyekufa kwa plastiki hayumo katika hesabu ile, wala mtaro ulioziba. Hata hivyo somo lake ni zito, nasi hatuna budi kulipokea. Mfuko wa kitambaa uliotumika mara mbili kisha ukatupwa nyuma ya mlango, umeigharimu dunia kuliko ganda tulilolikataa. Nao mfuko mbadala tunaoununua kila siku sokoni kwa sababu tumeusahau mwingine nyumbani, nao ni plastiki. Polipropilini hugeuzwa nyuzi na kubanwa hadi ifanane na kitambaa. Ndiyo sababu Shirika la Viwango Tanzania likataka usiwe mwepesi chini ya gramu 70 kwa mita moja ya mraba: ili udumu, utumike tena na tena.

Basi jambo moja ninalotaka tuondoke nalo hapa ni hili: thamani ya mfuko iko katika kurudi kwake. Tusiulize tu umetengenezwa kwa nini. Tuulize utarudi dukani mara ngapi.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Mteja anayepeleka nguo kwa dobi kila wiki huenda mara 52 kwa mwaka. Akiwa na mfuko mbadala mmoja anaourudisha kila mara, idadi ile ya mara 11 ataifikia kabla ya miezi mitatu kwisha. Akiwa na mfuko mpya wa pamba, atahitaji miaka miwili na nusu hivi. Je, mfuko wa pamba hauwezi kudumu miaka miwili na nusu? Waweza, ukishonwa vizuri. Sasa mtazame dobi. Tuseme anahudumia wateja 20 kwa siku, na kila mteja ana nguo tatu za kufunikwa. Hayo ni maganda 60 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 1,560 kwa mwezi. Na kwa mwaka ni 18,720. Yote hayo kutoka kibanda kimoja. Mifuko ya kurudi inayoweza kuyaondoa yote hayo haizidi mia chache.

Na iko njia ya tatu, ambayo hesabu ya Uingereza haikuigusa, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono yetu. Ni kitambaa ambacho tayari kimekwisha kuishi maisha yake ya kwanza. Shuka kuukuu iliyochanika katikati bado ina pande mbili nzima. Vivyo hivyo pazia lililopauka, au kitambaa cha marekani kilichobaki kwa fundi. Pamba yake ilikwisha kulimwa na kulipiwa zamani. Fundi cherehani akiishona iwe kama gunia refu, akaacha tundu juu la kupitisha shingo ya henga, na kamba ya kufungia chini, tayari ni kifuniko cha suti. Hakuna kiwanda kilichowashwa kwa ajili yake.

Naomba sasa nizijibu zile hoja nne za dobi, kwa sababu tukizikwepa tutakuwa tumemwachia mzigo peke yake.

Kuhusu vumbi: kitambaa kilichofumwa kwa kubana huzuia vumbi vya kutosha kwa safari ya kurudi nyumbani, na nguo hupumua ndani yake. Kuhusu mvua: tukubali kwamba kitambaa hulowa. Siku ya mvua, nguo iliyokunjwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa itiwe ndani ya shangazi kaja lenye zipu, kisha shangazi kaja lirudi dukani. Nalo ni plastiki, lakini ni plastiki inayofanya kazi miaka na miaka. Kuhusu kuitambua nguo: kazi ya udobi imeishi na alama tangu zamani. Namba ya mteja iliyoshonwa au kuandikwa kwa wino usiofutika pembeni mwa mfuko, na namba hiyo hiyo kwenye daftari, inatosha. Kuhusu imani ya mteja: imani hiyo hujengwa na usafi wa mfuko, na hapa dobi ana bahati ambayo muuza duka hana. Mfuko wa sokoni hufuliwa siku mwenyewe akikumbuka. Mfuko wa dobi hufika kila wiki kwa mtu ambaye kazi yake ni kufua. Unaingia kwenye beseni pamoja na nguo, unatoka pamoja nazo.

Hapa kuna sharti moja la afya. Mfuko ulioleta nguo chafu usirudishe nguo safi kabla haujafuliwa. Dobi anayekausha kwa jua na ana wateja wengi, ni heri awe na mifuko miwili kwa kila mteja wa kudumu, mmoja wa kuleta na mwingine wa kurudishia.

Linabaki swali la fedha, na ndilo gumu kuliko yote. Nani ataulipia mfuko? Akiulipia dobi, na wateja kumi wasipourudisha, ameingia hasara asiyoiweza. Akiulipia mteja kwa lazima, atahamia kwa dobi wa mtaa wa pili ambaye bado ana maganda chini ya meza. Njia ya katikati ni amana. Mteja aweke, tuseme, shilingi 2,000 mara ya kwanza, iandikwe daftarini. Akirudisha mfuko siku atakapoacha kuutumia, arudishiwe fedha yake. Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na mteja aliye na shuka kuukuu nyumbani asidaiwe chochote: alete mfuko wake mwenyewe, uandikwe namba, mambo yaishe. La muhimu ni madobi wa mtaa mmoja wakubaliane, waanze siku moja, ili mwaminifu asiadhibiwe kwa uaminifu wake.

Nasi katika Halmashauri tuna wajibu. Mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawanywa hivi: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kushona mifuko ya nguo ni kazi ambayo kikundi cha mafundi cherehani kinaweza kuiombea mkopo kama kazi nyingine yoyote halali. Wanaotaka kujua masharti wamwone Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao. Wenye maganda ya plastiki yaliyobaki dukani wasiyachome wala wasiyatupe mtaroni. Wapite Ofisi ya Mtendaji wa Kata waelekezwe na Ofisa Mazingira namna ya kuyasalimisha. Ni bora ayalete mwenyewe kuliko yakutwe.

Sisi si wa kwanza kupita njia hii. Zanzibar iliikataa mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya Bara. Rwanda ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Kenya ilianza katazo lake tarehe 28 Agosti 2017. Kote huko suti zimeendelea kufuliwa, na maharusi wameendelea kupendeza.

Ndugu zangu, sheria inaweza kuliondoa ganda ukutani kwa dobi. Haiwezi kuurudisha mfuko wa kitambaa kutoka nyumbani kwako. Hilo ni la mwenye nyumba. Kwa hiyo ombi langu kwa kila mkazi ni dogo, nalo halihitaji kusubiri kikao: mfuko uliotoka kwa dobi uutundike mlangoni, mahali unapouona ukitoka. Ukienda kuchukua nguo, uende nao.